Ndoo ya Pili

Ndoo ya kwanza niliiua mwenyewe.
Nilibania molasi, nikahesabu shilingi
badala ya kuhesabu vikombe,
na siku ya tano mtaa mzima hapa Uyole ulijua
kwamba Sikitu ameficha maiti jikoni.
Mwenyekiti alikuja, leso puani.
Nikaizika nyuma ya migomba, usiku, kama mwizi.

Ya pili nimeipa haki yake.
Matumbo ya mbasa waliopanda gari Kyela,
vichwa, mapezi, matamvua,
vile ambavyo Anyelwisye, pale Mwanjelwa,
huwamwagia paka bila kuwatazama.
"Vya nini?"
"Nina wagonjwa."
Akacheka, akanijazia mfuko, hela akakataa.

Nikaponda. Molasi sikubania.
Nikatia maji ya mtindi, yale ya juu,
yenye uhai usioonekana,
nikafunika, nikakaza kwa mpira wa baiskeli.
Kila asubuhi nalegeza kidogo,
inapumua, fsss,
kama mtu aliyesikia neno baya
akaamua kulimeza.

Baridi ya Juni huku haina haraka.
Wiki mbili za watu wa joto kwetu ni nne.
Nikaisogeza karibu na jiko,
nikaivika sweta la marehemu.
Wanangu wakaiita mdogo wetu.

Bandani walikuwa wanaharisha damu.
Kumi na mmoja niliwatoa kwa miguu,
wepesi, wepesi mno,
kama waliokuwa wamekula upepo.

Siku ya thelathini nikafungua.
Nilijiandaa kwa maiti, nikakutana na togwa:
ukali wa ndimu, utamu wa mbali,
mifupa imelegea kama ugali uliolala.
Kuoza ni kuachwa.
Kuchacha ni kulelewa.
Miaka arobaini na mitatu nimepika,
hili nimefundishwa na utumbo wa samaki.

Kiganja kimoja, pumba ya kutosha.
Wa kwanza kuonja ni mtetea wa kishungi:
akatikisa kichwa, akafuta mdomo kwenye maranda,
akaondoka.
Akarudi.

Sisemi ndoo imeponya.
Dawa ya duka ilifanya yake, maranda makavu yakafanya yake,
na Mungu hajanionyesha hesabu zake.
Nasema tu kwamba leo, saa kumi na mbili,
ukungu umelalia mabati,
nimeinama na tochi ya simu
nikisoma kinyesi, kama wengine wasomavyo gazeti,
nikakiona kimoja:
kigumu, cheusi, kimejikunja vizuri,
na juu yake kikofia cheupe.

Nikakiinua kwa kijiti.
Nikatafuta wa kumwonyesha.
Barabarani alikuwa anapita mwenyekiti, mikono mfukoni.

Nikamwita.