Kokoto za Anudari

Usiku wa kumi na saba wa jalidi
nilihesabu mizoga mpaka vidole vikagoma kukunjuka.
Mia mbili na nane. Nikaacha.
Kondoo walikuwa wamekufa wima,
wameegemeana kama watu wanaongoja zamu.

Sasa tuko pembezoni mwa Ulaanbaatar,
hema letu limezungushiwa mabati
na mlango mzee wa nyumba ya mtu nisiyemjua.
Napakia makaa ya mawe. Jioni narudi na uso
ambao mke wangu Dulmaa huuosha kwanza
ndipo ausalimie.

Anudari ana miaka minne na nusu.
Kutwa yuko nje, magoti mavumbini,
anapanga kokoto.
Mwalimu wa chekechea aliniambia,
"Mwache. Huyo yuko kazini."
Nikacheka. Kazi gani hiyo
isiyo na mshahara wala jasho?

Nimesikia pia kwamba mcheza kwao hutunzwa.
Kwao ni wapi,
kwa mtoto aliyehamishwa usiku ndani ya lori,
amelala kati ya jiko na mapipa?

Jana nilimsimamia kichwani.
"Inuka, kalete kuni. Maisha si mchezo."
Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni
aliyekanyaga sahani ya chakula.
"Baba, umesimama kisimani."

Nikainamisha macho. Kweli,
palikuwa na kishimo, na ndani yake
kizibo cha chupa, maji yamemwagika,
na buti langu katikati ya kisima.
Nikasogea.

Ndipo nikaona.
Duara la kokoto nyeupe: hema,
mlango umeelekea kusini, kama ipasavyo.
Vijiti viwili na uzi: pa kufungia farasi.
Nyeusi ni mbuzi. Za kijivu ni kondoo,
nao wamesongamana upande usio na upepo;
nani alimfundisha hilo?
Na kipande cha tofali, chekundu,
amekimega pembe kwa makusudi:
farasi wangu, yuleyule, wa sikio lililopasuka.
Sikumwambia mtu kwamba nilimlilia farasi yule.

"Huyu amekufa," alisema, akamlaza ubavu,
akamfunika kwa karatasi ya peremende.
"Na huyu. Na huyu. Na huyu."
Hakulia. Alifanya taratibu,
kwa mkono usiotetemeka kama wangu.
Akanyamaza, kichwa kando,
kama mchungaji anayesikiliza hali ya hewa.
"Haya, kumekucha."
Akawasimamisha wote.

Mara nne alifanya hivyo mbele yangu.
Kufa, kufunikwa, kucha.
Mimi tangu majira ya baridi
niko kwenye kufa tu,
sijafika hata kwenye karatasi ya peremende.

Kuni hazikuletwa.
Dulmaa aliita mara mbili kisha akachungulia
akakuta mtu mzima amekaa chini, buti kavua
asije akabomoa zizi.

"Mimi nifanye nini?" niliuliza.
Akanipima, juu mpaka chini.
"Farasi tunaye. Wewe uwe mbwa."
"Mbwa anafanya nini?"
"Baba! Mbwa anabweka."

Jirani yetu Tsedev alikuwa juu ya ngazi
anapigilia bati lake, misumari mdomoni.
Nikabweka.
Nyundo ikanyamaza.
Nikabweka tena, kwa nguvu zaidi,
kwa sababu mbwa-mwitu, aliniambia binti yangu,
wameshafika kwenye pipa la maji.