Bei ya Kivuli

Saa saba mchana, Al Khuwair.
Nimesimama kituoni na kipimajoto mkononi:
nyuzi arobaini na sita, na nguzo moja ya taa.
Watu wanane wamejipanga nyuma ya nguzo,
mstari mwembamba kama kivuli chenyewe.
Jua likisogea, nao wanasogea.
Hakuna aliyewaamrisha.

Naandika: wanane. Naandika: dakika thelathini na moja.
Wa mwisho, Biju, fundi wa viyoyozi,
ananiuliza kwa Kiarabu cha kuungaunga
kama mimi ndiye mleta basi.
“Mimi nahesabu tu.”
Anacheka. “Basi hesabu na huu mguu wangu,
umebaki juani.”

Usiku nauingiza mguu wa Biju kwenye jedwali.
Hauingii.
Safu ya gharama inataka riali na baisa:
mafuta, lami, dawa, saa za kazi zilizopotea.
Miaka kumi na tisa nasomesha uchumi,
nawaambia vijana kila kitu kina bei,
cha mvunguni, inameni.
Nimeinama. Mgongo unaniuma.

Mama ana sukari.
Alizaliwa Ng'ambo, Unguja,
akenda kwa miguu sokoni, msibani, harusini,
na siku nyingine kugombana tu, kisha akarudi.
Hapa uani tuna magari manne,
na shoga yake Bi Zamzam anakaa ng'ambo ya barabara,
njia nane, uzio katikati.
Tunamwona akianika mashuka.
Kumfikia ni kilomita sita,
hadi mzunguko wa juu, na kurudi.
“Siku hizi,” asema Mama, “ng'ambo ni mbali.”

Daktari kaamuru atembee.
Wapi, hakusema.
Basi kila alfajiri nampeleka kwa gari
kwenye jengo la maduka, kabla hayajafunguliwa,
naye anazunguka juu ya marumaru,
raba nyeupe chini ya buibui,
akipita manukato, saa, simu, yote nyuma ya vyuma,
na baridi ya kiyoyozi ikimpepea ushungi.

Nimekaa kwenye benchi na daftari.
Wizarani wanataka ripoti Alhamisi.
“Umeniandika?” anauliza akipita.
“Hatua elfu mbili na mia moja, Mama.”
Anasimama, anashika kiuno, anavuta pumzi.
“Andika na hili:
nimezunguka mara nne,
hakuna aliyeniamkia.”