Chaguo la Kwanza

Fomu ina mistari mitatu mitupu.
Mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
nami nimeketi kwenye ngazi za maktaba
na kalamu iliyopoteza kifuniko,
upepo wa Julai ukinipekua karatasi.

Okwiri amekwisha kuandika: Beijing, Beijing, Beijing,
kama mtu anayemwita rafiki ng'ambo ya barabara.
"Kule wamo wenzetu," asema. "Jumamosi wanasonga ugali.
Hutajua upweke."
Ndilo ninaloliogopa, Okwiri:
nishinde siku nzima angani, nilale angani,
nishuke nikaukute mwiko ule ule.
Tena Beijing hutundika r mkiani mwa neno,
na ulimi wangu umelelewa na nyanya wa Mwala
ambaye Kikamba chake hakina r
wala hakijawahi kuitafuta.

(Ingawa ni yeye, bila karo wala ubao,
aliyenifunza kwamba sauti ikipanda neno huhama maana.
Mwalimu Bai hustaajabu: "Sikio hili umelitoa wapi?"
Nacheka tu. Angeelewaje Mwala?)

Mjomba Kivuva anataka Guangzhou.
"Soma pale mizigo inapotoka,
unisomee risiti, unigombanie bei."
Mama akadakia: "Shahada ya risiti!"
Naye Mwalimu Bai ameshanionya:
kule jikoni na sokoni wana lugha yao nyingine,
utafaulu darasani, nyanya zikushinde kununua.

Taipei niliipenda kwa ajili ya farasi.
Huko bado wanamwandika na miguu yake minne;
kwingine wameipiga mstari mmoja, akimbie hivyo hivyo.
Lakini ufadhili wetu haufiki huko,
na farasi, hata mwenye miguu yote, halipi nauli.

Halafu Kunming.
Mji wa mwinuko kama wetu, walisema,
jua la kiasi, usiku wa sweta moja.
Nilishaandika K.
Nikaitazama ile K kwa muda mrefu:
Nduku, utavuka bahari na milima
ukatafute Nairobi?

Jana nilimpitia mama Kamukunji,
katikati ya vifungo na zipu za kupima kwa mkono.
Nikamweleza kwamba kwa Kichina
kununua na kuuza ni neno moja, mai,
ila kununua huinama kisha huinuka,
kuuza huanguka tu, pu!
Hakuinua macho kutoka kwenye zipu.
"Hilo nalijua. Mnunuzi huinama akakagua,
akainuka na bei yake.
Mwenye kuanguka ni mimi."

Kisha akavuta mfuko chini ya meza.
Koti. Zito kama mtu aliyelala.
Alikuwa amelitoa Gikomba alfajiri, bunda likifunguliwa,
kabla hata sijachagua, kabla ya kuniuliza.
"Bei ilikuwa nzuri," alisema,
na hakusema zaidi.

Usiku, bwenini, niliigeuza lebo ya ndani.
Maandishi madogo, yaliyofifia kwa fuo za watu nisiowajua.
Nikayasoma. Sikufungua kamusi.
Usifue kwa maji ya moto. Anika kivulini.
Hakuna aliyenitungia mtihani ule;
hakuna aliyeusahihisha.
Nikawaza njia ya koti hili:
lilishonwa kule, likavaliwa mji wa theluji nisioujua,
likafungwa bunda, likamwagwa juu ya turubai Gikomba,
na sasa limelala miguuni mwangu
likisubiri kurudishwa kwao.

Ninaikata ile K.
Juu yake, kwa herufi za kubwa kuliko nafasi:
Harbin.
Mto huganda huko hadi watu wakauvuka kwa miguu,
na Mwalimu Bai asema matamshi yao ni safi,
na hakuna mtu ninayemjua.

Mstari wa pili na wa tatu
nimeiacha mitupu.
Okwiri anasema watairudisha fomu.
Huenda.
Mkono wa kulia wa koti hauna kifungo kimoja,
na mama ana elfu.