Ada ya Faili

Niko Isevya napima asali,
simu inatetema mfukoni mwa aproni:
"Hongera Kalunde Mihayo, milioni mbili zako tayari.
Tuma elfu arobaini, ada ya faili."

Nikatuma.
Kesho yake, bima. Elfu sitini.
Keshokutwa, muhuri.
Muhuri wa laki!

Sauti laini, ikiniita mama.
Ofisi yetu, ikasema, iko nyuma ya stesheni.
Nikaenda. Nikamkuta fundi cherehani
na mbuzi wawili.

Mimi wateja nawaonjesha bure, tone kiganjani,
ndipo wanunue.
Wale walinionja mimi hadi ndoo ikakauka.

Siku hizi wakipiga nauliza moja tu:
mkopo gani huu, baba,
unaoanza kwa kunikopa mimi?

Hukata.