Nyuzi Thelathini

Shaame Khatib alipata nane kwa mia
mtihani wangu wa pembe na pembetatu.
Nilimwandikia kwa wino mwekundu: Ongeza juhudi.
Leo kasimama juu ya rampu, mikono kiunoni,
ananitazama nilivyoketi kwenye saruji, na ananiambia,
Mwalimu, ongeza juhudi.

Sakafu hii ya kuanikia karafuu, huku Wete,
ina misimu miwili haijaona jua la kazi.
Mwenyewe, Bi Nunuu, kawaachia watoto kwa sharti:
karafuu zikirudi, mbao zenu kando.
Basi wamegongomea rampu, wameivika plaiwudi,
ukingoni wamelaza bomba la maji
lililobaki ulipokufa mfereji wa skuli.
Urefu: kifuani pangu. Mwinuko: nyuzi thelathini,
nimeupima kwa protrakta nilipokuwa bado na akili.

Viatu ni mitumba, vimevuka kwa boti kutoka Unguja,
magurudumu manne mstari mmoja, kama watoto asubuhi,
la tatu rangi yake mbali na wenzake.
Magotini nimefunga ndara zilizokatwa kwa kisu,
kichwani helmeti ya shemeji yangu wa bodaboda.
Baibui nimelikunja, limo mkobani
pamoja na madaftari arubaini na sita
ambayo sijasahihisha.

Somo la kwanza ni kupanda na kurudi.
Unaingia na kasi, magoti laini, rampu inakunyanyua
mpaka pale kasi inapokwisha,
huendi, hurudi,
halafu unashuka kinyumenyume bila kugeuka,
macho bado kule usikofika.
Mchezo huo wanauita feki.
Maumivu yake si ya bandia.
Nimeangukia kiwiko, nimeangukia tako,
nimeangukia neno ambalo mwalimu
halitamki mbele ya mwanafunzi,
na Shaame, kwa adabu zake,
akajifanya anafunga kamba.

Siku ya nne lilinitupa konyo moja la karafuu,
kavu, fupi kuliko njiti ya kiberiti.
Likasagika chini ya gurudumu, likanuka kama sikukuu.
Bi Mize, anapita na ndoo, akasimama.
"Mwalimu, una mume wewe?"
"Sina."
"Basi angalau uwe na bima."

"Unaegemea nyuma," ananiambia Shaame.
"Woga ndio unaokuvuta.
Rampu ikilala, nawe lala nayo.
Uwe wima kwa mbao, usiwe wima kwa mbingu."

Nikanyamaza.
Hiyo ni pembe mraba. Ndiyo ile ile
niliyoichora ubaoni wiki tatu, kwa chaki za rangi,
na mtoto huyu akawa anatazama dirishani.
Sikuwahi kwenda pale alipoketi
nione dirisha lile linaelekea wapi.

Sasa niko juu.
Visigino kwenye bomba, vidole vinaning'inia hewani.
Chini ni mita moja na robo.
Nimefundisha mita moja na robo miaka tisa,
sikujua kwamba ni ndefu hivi.

Shaame, ambaye darasani hanyooshi mkono,
hapa kaunyoosha,
sijui ili niushike
au ili nipime umbali wake.
Sikuushika.
Nikainama mbele, pale ambapo hapana kitu,
na tumbo langu likabaki juu bombani
likinitazama ninavyokwenda.
Plaiwudi ikavuma. Magoti yakakubali.
Saruji ikaja chini yangu, tambarare, yenye heshima,
na bado nimesimama,
bado nimesimama,
na ukuta wa ghala la Bi Nunuu unakua,
una nyufa, una namba ya simu ya fundi bomba,

"Breki!" napiga ukelele. "Shaame, breki!"

"Hatujafika huko, Mwalimu!
Hiyo ni Jumatano!"