Bila Neema

Ratiba ilikuja jana kwa mkono wa Rhodri,
kijana wa kubeba chai na habari mbaya,
na mstari wa nane, kipindi cha kufunga msimu,
nimeliona jina langu.
Si la kuzaliwa. La kazini.
"Bila Neema."

Miaka tisa nimesukuma kitanda cha magurudumu
katika wodi ya mbao na rangi, lililokuwa ghala la mazulia,
ng'ambo ya reli, Splott, hapa Cardiff.
Miaka tisa nimesema, "Daktari, presha inashuka,"
na presha ikashuka. Sijakosea hata siku moja.
Mwanzoni niliitwa Muuguzi wa Pili.
Wa Kwanza alihamia Bristol; mimi nikabaki wa pili.

Kisha Carys, mwandishi, akanisimamisha koridoni:
nataka jina la kwenu, lisiloumiza ulimi.
Nikampa la bibi yangu mzaa mama,
mwanamke aliyepima chumvi kwa kiganja
na kukumbuka kila aliyekopa.
Carys akaliandika mkononi, kwa kalamu ya bluu.
Hakuuliza maana. Sikumwambia.

Nanyi mnaotazama mmejikunja kwenye kochi,
mkidhani jina la kipindi ni pambo la mlangoni,
niulizeni mimi niliyewasindikiza wenye majina.
"Siri ya Delyth": siri ilitoka, Delyth akasukumwa ngazini.
"Siku Njema ya Huw": gari la maziwa.
"Kwa Nini Gwilym?" Hakuna aliyejibu,
ila mkataba wake ulikwisha Februari.
Ukitajwa na mwenzio, "na" ikiwa katikati,
mtaoana, na mmoja atajuta kabla ya Krismasi.
Ukifuatwa na kitenzi una nafuu:
"Megan Arudi", na kweli alirudi,
kwa nywele nyingine na uso wa mtu mwingine.
Lakini bila!
Bila ni neno la kiti kitupu.

Nikampigia dada yangu Tabitha, Singida.
"Kipindi kizima kina jina la bibi?"
Akapiga vigelegele, nikasikia jirani akiuliza kuna nini.
Nikamsomea lote.
Simu ikawa kimya, nikadhani salio limekwisha.
"Bila neema," akasema. "Nani huandika hivyo
mlangoni kwake mwenyewe?"
Hawajui, nikamwambia. Kwao ni sauti tu,
kama kengele ya baiskeli.

Usiku ule nilijipangia kufa kwangu.
Nikachagua maneno, nikayajaribu mbele ya birika:
machache, yenye pumzi, mtu akumbuke.
Hata mkono nilijua utaangukia wapi.

Leo wametugawia maandishi. Kurasa hamsini na nane.
Nimepekua mbele, nimepekua nyuma,
nimelamba kidole, nimepekua tena.
Wananitaja mara thelathini na moja.
Wananililia jikoni, wananigombania urithi wa baiskeli,
daktari ambaye hajawahi kuniangalia usoni
anakiri alinipenda.
Mimi sina neno. Mimi simo.
Nimekufa kati ya Jumapili na Jumapili,
watazamaji wakiwa wanafua nguo.

Kinachotakiwa ni picha tu, ya kuweka kando ya sukari.
Rhodri amenisimamisha ukutani, penye mwanga.
"Usicheke sana," amesema, "umekwisha kufa."

Hapo ndipo Carys akaja, miaka sita amechelewa:
hivi hilo jina, kwenu lina maana gani?
Nikamweleza polepole. Kheri usiyoilipia.
Kitu ambacho nyumba ikikikosa, hata chai haikolei.
Akakitazama kiganja chake
kana kwamba wino bado ungalipo.
"Mungu wangu. Tubadilishe?"
"Acheni," nikasema. "Kwa mara ya kwanza
mmeandika ukweli."

Kisha nikauliza kama picha nayo inalipwa.