Pipa la Kwenye Korido

Linadondoka kutoka mawinguni, bila sababu,
katikati ya ugomvi wetu,
pipa la mbao lenye mikanda ya chuma.
Linabiringika, na mimi, kama kawaida yangu,
nalikimbilia badala ya kulikimbia.
"Mama, umemezwa tena!"
Haitham hanionei huruma. Ana miaka tisa
na vidole vya fundi cherehani.

Humo ndani mpiganaji wangu haonekani.
Pipa linazunguka: juu, kulia, chini, kushoto,
na kazi yangu ni moja tu, kubonyeza
mdomo wake ukitazama mbinguni.
Nikiwahi, natupwa pembeni mwa kioo, shimoni.
Nikichelewa, pipa halisubiri ruhusa ya mtu,
linafyatuka lenyewe.
Mara kumi nimerushwa, mara tisa nje ya dunia.
Ile ya kumi nilimgonga yeye, kwa bahati,
akasema nimeiba.

Nikamuuliza, kitu hiki kinaitwaje?
Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza
akasema: mzinga.
Nikacheka peke yangu.
Mzinga ninaoujua una nyuki,
au hulia ishirini na moja rais akipigiwa saluti,
na kaka yangu kule Mkoani ana wake,
huupiga kwa simu kila tarehe ishirini na nane,
"dada, huku mambo magumu,"
nusu saa kabla mshahara haujaingia.
Ule haukosei shabaha.

Hapa Northampton, Novemba, saa kumi kiza kimeshaingia.
Nyuma yetu, kwenye korido, lipo pipa jengine,
la plastiki, buluu, refu kufika kifuani mwangu.
Nililinunua kwa Msomali wa barabara ya Wellingborough.
Lilikuwa la zeituni. Bado linanuka.
Ndani: mablanketi matatu, sabuni ya unga, dawa ya meno,
viatu vya shule vya watoto ambao miguu yao
naipima kwa kubahatisha,
na miwani ya mama yangu, Bi Mkaya,
nimeificha ndani ya soksi, soksi ndani ya kikombe.
Lori la mizigo linakuja Jumanne kutoka Birmingham.
Kisha meli. Kisha miezi ya kuuliza limefika wapi.

Jumamosi nimetoka jikoni, sikumkuta.
Mchezo umesimama, padi iko sakafuni,
mpiganaji wake kaganda hewani mguu mmoja mbele.
"Mama."
Sauti ilitoka koridoni, nzito, kama ya kisimani.
"Bonyeza."

Unakwenda wapi?
"Kwa bibi."
Mdomo wa pipa umeelekea wapi?
Kimya. Anapiga hesabu.
"Kwenye taa."

Nikabonyeza kwa kidole, ubavuni mwa plastiki.
Likatoa mlio mkavu, basi.
"Sijafika," akasema.
Na mimi mwaka wa kumi na moja huu,
nilitaka kumwambia,
lakini wali ulikuwa unaungua.

Nikamtoa kwa kumshika makwapa. Mzito siku hizi.
Akatua palepale alipoondokea,
nywele zimejaa manyoya ya blanketi,
akaniuliza kama hiyo inahesabika.

Jumanne nikafunga kifuniko, pete ya chuma, kufuli.
Wanaume wawili wakalilaza ubavu,
wakalibiringisha barazani, ngazi tatu, du, du, du,
na Haitham dirishani anawapigia kelele:
"Msiliguse kwa mbele! Litawameza!"
Mmoja wao akampungia mkono.

Januari, mwisho mwisho, ukaja ujumbe wa sauti,
jogoo nyuma yake, na mtu anakuna nazi:
"Arafa, mzigo umefika, tumeshukuru.
Miwani inanifaa, nimeziona chawa za mchele.
Sabuni imemwagika kidogo.
Na kuna kandambili moja ya mtoto, ya kushoto.
Mwenyewe yumo njiani?"